Kufufua nyaya za umeme za Land Rover Series: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. "Taa zangu zinawaka kama kibatari, nibadilishe altaneta?" "Nikikanyaga breki, indiketa nayo inawaka, ni swichi?" "Fundi kaniambia ning'oe nyaya zote tuweke mpya, ni kweli?" Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, yameongezeka, maana watu wamekwenda kuzitoa Land Rover 109 (zile ndefu, za inchi 109) za wazee wao zilizolala uani miaka na miaka, na kila moja imeamka na umeme wake wa ajabu.

Jibu langu kwa karibu yote ni hili: usinunue kitu kwanza. Safisha ethi (pale umeme unapoungwa kwenye bodi, injini au chasi ili urudi betri), kisha pima. Ukishapima ndipo utajua kama unahitaji waya wa mita mbili au seti nzima ya nyaya. Mara nyingi ni waya wa mita mbili.

Nimeandika nikilenga Series IIA (kuanzia 1961) na Series III (1971 hadi 1985), kwa kuwa ndizo nyingi barabarani kwetu. Ukiwa na Morris Minor, Mini au MG ya miaka hiyo, sehemu kubwa itakufaa pia, kwani rangi za nyaya zinafuata utaratibu uleule wa Kiingereza.

Nadharia ni kidogo tu. Bodi ya Land Rover hizi ni aloi ya alumini na chasi ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe. Taa zako nyingi zinarudishia umeme kwenye bodi, bodi inarudishia kwenye chasi, na chasi kwenye betri. Kila penye unga ule, umeme unakwama. Walioko Tanga, Mombasa au Unguja wanapata mara mbili kwa sababu ya hewa ya chumvi. Wenye magari ya Kiingereza wana utani wa zamani wa kuiita Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vingi vya umeme vya magari haya, "Mwana wa Mfalme wa Giza". Utani mzuri, ila mara nyingi kampuni inaonewa bure. Kosa ni la bolti yenye kutu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya kidijitali. Ya bei ya chini inatosha, mradi inapima voti za DC na ampea 10.
- Testa ya balbu: balbu ya breki ya wati 21, nyaya mbili na vibanio. Jitengenezee mwenyewe.
- Brashi ya waya, msasa, spana, bisibisi na grisi au vaselini.
- Plaisi halisi ya kubania terminali, ile yenye meno ya kufuata umbo la terminali. Plaisi ya kawaida inaponda tu.
- Waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita za mraba 1, 2 na 6. Usikubali kuuziwa waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Mtikisiko wa gari utaukata.
- Mpira wa kusinyaa kwa joto, mipira ya kuziba matundu ya bodi, na fyuzi za akiba.
- Mchoro wa nyaya wa modeli na mwaka wa gari lako, uliochapishwa kwa ukubwa wa kusomeka.
- Kizimamoto cha unga. Kwenye Series fupi, ya inchi 88, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele upande wa kulia. Cheche moja hapo haina mzaha.

Hatua ya 1: Jua ethi ya gari lako ni hasi au chanya

Series I, II na IIA za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na ethi chanya. Mabadiliko ya kwenda ethi hasi yalikuja karibu na 1967, na nyingi za zamani zimeshageuzwa na mafundi bila kuandikwa popote. Usiamini mwaka wa kadi ya gari. Fungua boneti, fuata kebo nene iliyofungwa kwenye chasi au injini, uone inatoka kwenye alama ya + au −.

Ukikosea hapa, altaneta na redio vinakufa palepale. Maelezo yote yanayofuata ni ya ethi hasi. Ikiwa lako ni chanya, badilisha nafasi za pini za mita.

Hatua ya 2: Piga picha, kisha pima betri

Piga picha za kila kona kabla hujagusa: nyuma ya dashibodi, boksi la fyuzi, taa za nyuma, swichi ya stata. Piga nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Kumbukumbu yako ya leo haitakuwepo Jumamosi ijayo.

Betri ikiwa imepumzika saa chache inatakiwa isome voti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. Mwambie mtu apige stata huku ukisoma mita: ikishuka chini ya voti 9.6, usiendelee na kitu kingine mpaka umalize habari ya betri. Watu wanafukuza hitilafu wiki nzima kumbe betri ndiyo iliyokufa.

Hatua ya 3: Safisha ethi zote

Hii ndiyo kazi yenyewe. Itengee siku nzima, na usiridhike kwa kukaza bolti tu.

Chomoa kebo ya ethi kwenye betri kwanza, na iwe ya mwisho kurudishwa. Kisha fuata mlolongo huu:

1. Kebo ya betri hadi chasi. Fungua, sugua kichwa cha kebo na sehemu ya chasi hadi uone chuma kinang'aa. Kama nyuzi zake zimegeuka kijani ndani ya mpira, badilisha kebo nzima.
2. Kebo ya injini hadi chasi. Injini imekaa juu ya raba, hivyo bila kebo hii stata inatafuta njia kwenye waya wa kabureta au wa mwendokasi. Ukikuta waya wa choki umeungua plastiki yake, mshitakiwa umempata.
3. Ethi za taa za mbele.
4. Ethi ya dashibodi na ukuta wa injini.
5. Ethi za taa za nyuma, ambazo hupigwa na tope zaidi ya zote.

Kila pahali: fungua, sugua pande zote mbili, rudisha ukiweka washa (kile kipete cha chini ya nati) yenye meno, kaza, halafu paka grisi juu. Grisi inakuja baada ya kukaza. Kazi yake ni kuzuia maji.

Kwa taa za mbele na za nyuma mimi siitegemei bodi tena. Navuta waya mweusi wa milimita 2 kutoka kila taa hadi kwenye bolti moja ya chasi niliyoisafisha. Wanaopenda gari libaki kama lilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, watanuna, lakini taa zitawaka.

Hatua ya 4: Pima umeme unapotelea wapi

Kosa la wengi ni kupima waya ukiwa hauna kazi. Waya uliobakiza uzi mmoja mzima utakusomea voti 12 safi, kwa sababu mita haivuti kitu. Washa taa, halafu ndiyo upime.

Upande wa ethi: pini moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye ethi ya balbu inayowaka. Mita isome chini ya 0.2. Ikisoma 1 au 2, voti hizo zimepotelea njiani.

Upande wa moto (waya unaoleta umeme): pini moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye terminali ya moto ya balbu ileile. Hapa 0.5 inavumilika. Ikizidi, rudi nyuma kiungo kwa kiungo: soketi ya taa, kiungio cha bawa (madigadi), swichi ya dimu, swichi ya taa, boksi la fyuzi. Namba itashuka ghafla ukishavuka kiungo kibovu. Hapo hapo ndipo penye ugonjwa.

Balbu iliyotengenezewa voti 12 ikipewa 10.5 inapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Ndiyo maana altaneta mpya haikusaidii.

Kwa stata, pima kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa stata wakati mtu anapiga ufunguo. Ikizidi 0.5, rudia kebo ya injini.

Hatua ya 5: Boksi la fyuzi

IIA nyingi zina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi hata moja. Toa fyuzi, sugua vibanio vyake kwa msasa mwembamba, vibane kidogo ili vishike, na uangalie nyuma ya boksi kama kuna rangi ya kuungua.

Onyo la namba: fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 ina maana inakatika kwenye ampea 35. Kwa kazi ya kudumu inabeba karibu 17. Fyuzi nyingi za kisasa hutaja ampea za kudumu, kwa hiyo ukiweka ya 35, waya utaungua kabla yake. Weka ya 15 au 20. Na karatasi ya pakiti ya sigara usiifanye fyuzi, iache kwenye sigara.

Hatua ya 6: Fuata njia moja kwa wakati mmoja

Rangi ndizo ramani yako. Rangi ya kwanza ni ya waya wenyewe, ya pili ni mstari uliopita juu yake.

- Kahawia: moto wa moja kwa moja kutoka betri, bila swichi wala fyuzi. Huu ndio wa kuuogopa.
- Nyeupe: moto baada ya kufungua ufunguo, unaokwenda koili.
- Kijani: baada ya ufunguo na fyuzi. Wipa, geji, indiketa, breki.
- Zambarau: moto wa kudumu wenye fyuzi, kwa mfano honi.
- Bluu: taa kubwa. Bluu yenye nyeupe ni fuli, bluu yenye nyekundu ni dimu.
- Nyekundu: taa ndogo na za nyuma.
- Kijani yenye nyekundu: indiketa ya kushoto. Kijani yenye nyeupe: ya kulia.
- Kijani yenye zambarau: taa za breki.
- Kahawia yenye njano: taa ya onyo ya chaji.
- Nyeupe yenye nyeusi: koili hadi distributa.
- Nyeusi: ethi.

Sasa ukweli wa kwetu: gari lililopita mikono ya mafundi watano lina waya mwekundu kila mahali, kwa kuwa ndio uliokuwepo dukani siku hiyo. Rangi ikipingana na mita, amini mita. Na waya za uvamizi (redio iliyokwisha kuibwa, alamu isiyolia, taa za ukungu za enzi hizo) zifuate hadi mwisho wake na uzitoe zote. Hitilafu nyingi huondoka nazo.

Angalia pia viungio vya Lucas vya mviringo vya milimita 4.7, vinavyoingia kwenye mikono ya mpira mweusi. Ndani ya mpira kuna bomba la shaba. Vuta waya taratibu. Ukitoka mweusi au wenye unga wa kijani, badilisha mkono mzima, kwani kusugua ndani yake haiwezekani.

Hatua ya 7: Kutafuta shoti bila kuchoma fyuzi kumi

Fyuzi inakatika kila ukiiweka? Itoe, uweke testa ya balbu ya wati 21 mahali pake, mguu mmoja kila upande. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zote, na waya hauungui kwa sababu balbu haipitishi hata ampea 2.

Chomoa sasa kifaa kimoja kimoja cha njia hiyo. Balbu bado inang'aa? Basi shoti iko kwenye waya. Anza kutikisa nyaya sehemu moja moja huku ukiiangalia. Itakapopepesa, simama hapo. Sehemu za kwanza kushuku ni tundu la ukuta wa injini ambalo mpira wake umekatika, bawaba ya mlango wa nyuma, na pale nyaya zinapoingia ndani ya chasi.

Hatua ya 8: Kurekebisha waya

Kata hadi ufikie shaba inayong'aa. Shaba ikiwa nyeusi, endelea kukata. Ukifika sentimita thelathini bado ni nyeusi, acha ubahili, badilisha waya wote kutoka kiungo hadi kiungo.

Vipimo vya kushika kichwani: milimita 1 kwa taa ndogo, indiketa na geji, milimita 2 kwa taa kubwa na honi, milimita 6 kwa altaneta ya kawaida kwenda betri.

Bana terminali, vuta kwa mkono kuijaribu, kisha vika mpira wa kusinyaa. Lehemu ni nzuri kwenye vile vichwa vya mviringo, lakini waya uliolehemiwa katikati unakuwa mgumu na hukatika pembeni ya lehemu, hasa kwenye barabara zetu za mawe. Usisokote nyaya mbili ukafunga tepu. Joto la injini litayeyusha gundi ya tepu na utabaki na waya wa moto ulio uchi.

Nyaya za nyuma hupita ndani ya chasi, mahali panapopendwa na panya na tope. Zikiwa zimeoza, funga kamba imara kwenye mwisho wa zile za zamani, zivute zitoke upande mmoja, kamba ibaki ndani, kisha itumie kuvutia mpya. Ukisahau kamba utalaani siku hiyo.

Seti nzima mpya inafaa pale tu mpira wa nyaya unapopasuka ukiukunja kidogo, au gari limewahi kuungua.

Hatua ya 9: Rilei za taa kubwa

Hii si ya kiwandani, ila ningemshauri kila anayesafiri usiku. Taa mbili za wati 60 zinavuta ampea 10, na zote zinapita kwenye swichi ya umri wa baba yako. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme) mbili, ya fuli na ya dimu. Kwa kila moja:

1. Pini 30: moto kutoka betri, kupitia fyuzi ya 15 iliyo karibu na betri.
2. Pini 87: waya wa milimita 2 kwenda kila taa.
3. Pini 85: ethi.
4. Pini 86: waya wa zamani wa bluu-nyeupe au bluu-nyekundu.

Swichi sasa inaamrisha tu, haibebi mzigo.

Hatua ya 10: Pima chaji

Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, voti za betri ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Zikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha voti) ni mbovu na betri inachemka.

Usichomoe betri injini ikiwa inawaka eti kujaribu altaneta. Najua fundi wako anafanya hivyo. Ilifaa enzi za dainamo (kichaji cha kabla ya altaneta), lakini kwa altaneta inaua daiodi, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Dalili na pa kuanzia

*Indiketa ikiwaka, taa ya nyuma au ya breki nayo inapepesa.* Ethi ya taa ya nyuma ya upande huo. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani.

*Indiketa inapepesa haraka mno au haipepesi kabisa.* Balbu moja imekufa, au umeweka balbu za LED ambazo flasha (kifaa kinachopepesesha indiketa) ya zamani haizihisi.

*Geji za mafuta na joto zote zinasoma juu kuliko kawaida.* Ziko geji zinazolishwa na stabilaiza ya voti 10 nyuma ya dashibodi. Ikipoteza ethi, zote mbili hupanda pamoja. Ikiwa ni moja tu inayodanganya, shughulika na sensa yake.

*Taa ya chaji haiwaki kabisa ukifungua ufunguo.* Tazama balbu yake kwanza. Altaneta nyingi za Lucas zinaamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo. Ikiungua, hakuna chaji.

*Taa ya chaji inawaka hafifu injini ikiwa sailensa (ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta).* Kwa dainamo ni kawaida. Kanyaga mafuta kidogo, izimike.

*Injini inazungushwa na stata lakini haishiki.* Pima waya mweupe kwenye koili ufunguo ukiwa wazi. Hakuna voti? Leta waya wenye fyuzi kutoka betri hadi koili kwa majaribio. Ikishika, tatizo ni swichi ya ufunguo au njia yake. Usiache ufunguo wazi muda mrefu injini ikiwa imezimika, koili itachemka pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) zikiwa zimefunga.

*Honi inalia yenyewe.* Waya wa zambarau-nyeusi unagusa bodi mahali, mara nyingi ndani ya nguzo ya usukani. Kitufe cha honi kinafanya kazi ya kuupeleka ethi, na sasa umefika wenyewe.

*Betri inakwisha usiku.* Chomoa kebo hasi, weka mita ya ampea kati ya kebo na betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Usipige stata wala kuwasha taa katika hali hiyo, utachoma fyuzi ya mita. Gari lisilo na saa wala alamu lisome karibu na sifuri. Ikizidi ampea 0.05, toa fyuzi moja moja. Isiposhuka, chomoa nyaya za altaneta. Ikishuka hapo, daiodi zimevuja. Nyaya za altaneta zibaki zimechomolewa na ncha zimefunikwa tepu usiku kucha, na asubuhi upime betri tena kabla ya kwenda kulipia matengenezo ya altaneta.